Mashoto wa Kariakoo

Mchafukoge, Ilala,
Dar es Salaam.
8 Julai, 2024.

Mpendwa Shangazi Badria,

Shikamoo. Ni mimi Nasreen, mtoto wa marehemu kaka yako Khalfani. Mimi mzima, alhamdulillahi, na naomba karatasi hii ikukute nawe umeamka vizuri, magoti yamepoa na sukari imetulia. Mama anasema joto la huko Maskati mwezi huu halimruhusu mtu kutoa pua nje mpaka jua lizame. Huku kwetu ni kipupwe. Asubuhi tunajifunika, na wauza kahawa wa Mnazi Mmoja wanapata wateja hadi jua lipande.

Mama hajambo, anakusalimu. Mdogo wangu Fikirini naye hajambo. Bado anauza makava ya simu Kariakoo, na bado anaamini kila mteja ni rafiki yake mpaka mteja aombe bei ya jumla. Mimi naendelea kufundisha historia, kidato cha pili na cha tatu, na jioni za Ijumaa na Jumamosi nipo na skauti wangu kama ulivyoniacha.

Utajiuliza kwa nini karatasi, wakati simu ipo. Simu yako hupokelewa na wajukuu kwanza, na lile kundi la familia lina watu mia ambao jambo hili si lao. Nimempa Abdulswamad barua hii mkononi, kwa kuwa anarudi kazini huko. Nimemwomba akupe wewe mwenyewe, asimpe mtu mwingine.

Shangazi, nimechaguliwa kuwa mashoto.

Najua neno hilo katika familia yetu halipendezi. Mashoto ni mtu wa kula na kuandika kwa mkono wa kushoto, na nimesikia Bibi aliwafunga watoto kitambaa kwenye mkono huo mpaka wauache. Lakini hapa Kariakoo kuna Mashoto wengine. Ni chama cha heshima ndani ya skauti wa mitaa yetu. Hakina beji wala wimbo, na hakina ofisi. Mtu haombi kuingia. Anachaguliwa na skauti wenzake, na viongozi hawana kura. Akiingia, kazi yake ni zile kazi ambazo mkono wa kushoto ndio huzifanya: vyoo, mitaro, matapishi ya mgonjwa asiye na ndugu, maiti isiyo na wa kuiosha. Na akishazifanya, hasemi.

Namna ya kuchagua ni hii. Tunasimama duara, tumeangalia nje, mkono wa kushoto umefunguliwa nyuma ya mgongo. Kila skauti kwa zamu yake anapita ndani ya duara na kudondosha kokoto katika kiganja cha anayeona anafaa. Hairuhusiwi kugeuka. Kokoto la kwanza lilipoanguka mkononi mwangu nilidhani mtu amekosea. Likaja la pili. Nilisimama pale natazama ukuta wa shule na nguo za watu zilizoanikwa ghorofa ya jirani, na mkono wangu ukawa unazidi kuwa mzito, na sikujua ni nani aliyeniona wala aliniona wapi. Mwishowe yakawa yanamwagika. Sijawahi kuogopa vile, Shangazi, na sikuwa naogopa kitu kibaya.

Lakini kuchaguliwa hakutoshi. Aliyechaguliwa lazima aoshwe mkono wa kushoto kwa maji ya birika, kisha apewe mkono huohuo na mtu ambaye naye alipewa. Asiyepewa hawezi kumpa mwingine. Miaka mingi imepita bila uchaguzi, vijana walipungua, waliokuwamo wametangulia mbele ya haki au wamehama, na kwa kuwa hawasemi hakuna anayejua wako wapi. Katika mji huu anajulikana mmoja tu, Mzee Ignasi wa Magomeni, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa skauti zamani hizo. Na Mzee Ignasi anarudi kwao Mbinga mwisho wa Agosti, binti yake Violeth anamchukua moja kwa moja. Akiondoka kabla sijapewa mkono, Mashoto wamekwisha.

Na mimi siwezi kuupokea mkono wake. Mzee Ignasi ni mzee wangu na namheshimu, lakini si maharimu wangu. Tangu nivunje ungo sijampa mkono mwanaume asiye wangu, wa kulia wala wa kushoto, na sikufanya hivyo kwa kumwogopa mtu. Ni ahadi yangu na Mola wangu. Sasa nimekaa na vitu viwili ninavyovipenda, na kimoja kinaziba njia ya kingine.

Nilipomweleza Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Chuo umekimaliza ukazibue vyoo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mkono umpe mwanaume?"

"Hapo ndipo nilipokwama."

"Afadhali umekwama," akasema, akaendelea na mchele wake. Baadaye kidogo akaongeza, "Vyoo sikukatalii. Uchafu hauna elimu. Lakini mkono, hapana."

Fikirini alikuwa mlangoni anavaa viatu. "Da Nasreen, vaa glavu za fundi umeme. Umeme wenyewe haupiti, dhambi itapita wapi?"

Mama alimtupia punje ya mchele. Nami nilicheka, lakini usiku ule wazo la glavu halikuniacha, na Jumapili nikamwomba Fikirini anisindikize Magomeni tukamuulize Mzee mwenyewe.

Tulimkuta barazani, amevaa koti ingawa jua lilikuwa limeshapanda, amezungukwa na maboksi ya safari. Violeth alituletea chai na mihogo. Nilimwamkia, akaitika marahaba kwa sauti ambayo bado ni ya gwaride, nikamweleza shida yangu bila kuzunguka. Nilipofika kwenye glavu akatikisa kichwa.

"Mkono ukishaoshwa hauvikwi soksi," akasema. "Babu yako angefufuka anichape."

Nilimuuliza Babu anahusika vipi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtaa anaoishi.

Haya sasa ninayokuandikia ndiyo aliyonisimulia. Nimeyaandika taratibu, kwa sababu kila sentensi inanilazimisha kusimama.

Alisema kwamba zamani hizo skauti walikuwa wachache, vijana wengi walikuwa chipukizi wa chama. Baba yangu Khalfani, mtoto mdogo bado, alijiunga. Siku ya kwanza kufundishwa salamu ya skauti akarudi nyumbani Mtaa wa Mchikichi na furaha yake, akamkuta Babu yuko na wageni wa msikitini, na akamsalimu mgeni mkubwa kwa mkono wa kushoto. Unaijua nyumba ile kuliko mimi, Shangazi, kwa hiyo sihitaji kukueleza kilichofuata. Kesho yake Babu Abdulatif alikwenda viwanja vya Mnazi Mmoja na kanzu yake, akaingia katikati ya gwaride, akamshika mwanawe sikio.

Mzee Ignasi wakati huo alikuwa kijana aliyetoka Mbinga juzi. Akajaribu kumweleza kwamba skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto kwa sababu ndio ulio karibu na moyo.

"Moyo wako uko kushoto," Babu akamwambia, "na msalani kwangu pia ni kushoto. Sasa mtoto amsikilize nani?"

Skauti wote walicheka, na Mzee Ignasi aliniambia kwamba yeye pia alicheka, na ndiyo maana hawakugombana. Lakini Babu hakuondoka. Alisimama akiwa bado ameshika sikio la Baba, akasema neno ambalo Mzee Ignasi amelibeba mpaka leo: "Mkono haupati heshima kwa kusalimia. Unataka mkono huu uheshimiwe, upe kazi kwanza."

Kisha ukaja mwaka wa kipindupindu. Wewe ulikuwapo, mimi nimeusoma tu. Mzee Ignasi alisema nyumba za Kariakoo wakati ule zilikuwa na familia kadhaa chini ya paa moja, na choo kimoja cha shimo uani. Watu walianza kuanguka. Waliobaki wazima walifunga milango, na wengine walikimbilia kwa ndugu zao mashamba. Skauti wakachukua ndoo, chokaa na mifagio ya chelewa, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Watu walipowaona wametapakaa uchafu wakawa wanasogea mbali nao na kuwaita mashoto, maana yake usiwape mkono, usile nao. Hilo ndilo jina walilolichukua.

Wakafika kwenye nyumba moja Mtaa wa Swahili ambayo ndani wamelala wanawake peke yao. Waume zao walikuwa wamekufa au wamepelekwa kambi ya wagonjwa. Wazee wa jirani wakasimama mlangoni wakasema kijana wa kiume haingii humo, na wale wanawake wenyewe kutoka ndani, kwa sauti zilizobaki, wakasema hivyohivyo. Vijana wakabaki barabarani na ndoo zao.

Hapa Mzee Ignasi aliweka kikombe chini. Akaniuliza, "Shangazi yako hajambo?"

Nikasema hajambo, yuko Maskati.

"Ana mikono mizuri bado?"

Sikuelewa. Fikirini akajibu, "Mizuri, Mzee. Hina na dhahabu. Ukimpa chungu akioshe anakuangalia kama umemtukana."

Mzee Ignasi alicheka mpaka Violeth akatoka ndani kumwangalia. Kisha akasimulia kwamba kulikuwa na msichana ambaye siku hizo alikuwa akileta maji ya kuchemsha kutoka Mchikichi, baba yake akimruhusu kufika mlangoni tu. Hakuwa skauti. Hakuvaa skafu hata siku moja. Alisimama pale barabarani na birika lake akasikiliza wazee wanavyobishana. Akaliweka birika chini. Akajifunga kibwebwe. Akachukua ndoo ya chokaa kutoka mkononi mwa kijana mmoja, hakumwomba, akapita katikati ya wale wazee kama vile hawakuwapo, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Aliingia nyumba ile na zilizofuata, siku baada ya siku, kila ambapo vijana hawakuweza kuingia. Aliwasafisha wanawake asiowajua, akazoa vilivyomwagika, akaosha vyoo. Aliowakuta wamekufa aliwafunika. Jioni alinawa bombani na kurudi nyumbani, na nyumbani walijua anapeleka maji.

Babu aliambiwa na watu, kwa ubaya. Mzee Ignasi alisema alipomwona anakuja Mtaa wa Swahili na kanzu yake, na uso wake vile, alijua leo kuna mtoto atachapwa hadharani, na akajipanga kumkinga. Babu aliwapita wote. Aliliona birika la nyumbani kwake liko chini kando ya ukuta. Akaliokota. Akasimama nalo mlangoni akingojea.

Msichana akatoka. Alipomwona baba yake akanyoosha mkono wa kulia auoshwe, kama watoto wote walivyofundishwa.

"Siyo huo," Babu akasema. "Ule uliofanya kazi."

Akammiminia maji mkono wa kushoto, akausugua kwa sabuni yeye mwenyewe, katikati ya vidole, chini ya kucha, polepole, watu wote wakiangalia. Kisha akaushika kwa mkono wake wa kushoto, yule Babu aliyemtoa mtoto gwaride kwa ajili ya mkono huo, akautikisa kama watu wazima wanavyosalimiana. Akamgeukia Mzee Ignasi. "Sasa mkono wako umepata kazi," akamwambia. "Walete na hao wengine."

Vijana wakapanga foleni, Babu akawaosha na kuwapa mkono mmoja mmoja. Mzee Ignasi alikuwa wa mwisho. Hivyo ndivyo Mashoto walivyoanza, Shangazi. Wa kwanza wao wote ulikuwa wewe.

Mzee Ignasi alitaka baadaye kutafuta medali. Babu akakataa. Alisema sadaka njema ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia. Mzee Ignasi akasema hilo ni la kanisani kwao. Babu akasema ni la Mtume. Walibishana mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba kama kila mmoja anadai ni lake, basi ni la kweli, na wakaligeuza: kilichofanywa na wa kushoto, wa kulia usikijue. Ndiyo ikawa kanuni. Mashoto hasemi aliyoyafanya yeye.

Nilimuuliza Mzee kama hakuivunja kanuni kwa kunisimulia.

"Sikusema yangu," akajibu. "Nimesema ya mwenzangu. Hilo halikukatazwa, la sivyo tungejuaje kwamba tupo?"

Tulirudi kwa miguu mpaka Kariakoo, mimi na Fikirini. Mimi nimesomea historia. Nilifundishwa kwamba kisichoandikwa hupotea, na hivyo ndivyo ninavyowaambia wanafunzi wangu. Hiki hakikuandikwa kwa makusudi. Kimekaa miaka yote hii katika midomo ya watu, kila mmoja ameshika sehemu ya mwenzake, hakuna aliyeishika ya kwake. Siku hizi nikipita Mtaa wa Swahili au nikikata Msimbazi, nikiona mtaro unaopitisha maji vizuri katikati ya maduka yote yale, nasimama. Watu wananigonga na mizigo, wananiambia sista sogea. Nawaza ni nani aliyeingiza mkono humu, na kama amelala, na kama mkewe anajua.

Na nakuwaza wewe. Umetutumia udi na marashi tangu sijazaliwa. Sisi watoto tulikuwa tunaigiza unavyoshika kikombe kwa vidole viwili. Hukuwahi kutusahihisha.

Nilimwambia Mama yote. Kwanza alikataa kabisa. "Badria? Badria yule asiyegusa utumbo wa samaki?" Kisha akakaa kitini. Alisema kila ulipokuja likizo, Babu akiwa hai, wakati wa kula yeye mwenyewe ndiye aliyekunawisha, na alianza na wewe kabla hata ya wageni wa kiume, na kwamba watu walinong'ona kuwa anakudekeza. Mama alisema naye alinong'ona. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Huyo ndiye akupe mkono. Mwandikie."

Kwa hiyo nakuandikia. Mzee Ignasi anasema mkono wako ni mkubwa kuliko wake, kwa kuwa wewe ulipewa kabla yake. Wewe ni shangazi yangu, damu ya baba yangu, na hakuna sheria inayonizuia kuushika. Nakuomba uje kabla ya mwisho wa Agosti, Mzee akiwa bado yupo aone. Kama magoti hayakuruhusu, mimi nitakuja huko, ingawa skauti walionichagua wasingeona, na ni wao walionipa kokoto. Ningependa waone. Wengi wao ni wasichana.

Sikuulizi kama ni kweli. Najua huruhusiwi kunijibu, na umekaa kimya muda mrefu sana kwa mimi kukuharibia sasa. Kama Mzee Ignasi amechanganya mtu, niandikie kwamba amechanganya, yaishe, na nitaendelea kukupenda vilevile. Kama hakuchanganya, usiandike kitu. Mtumie Fikirini tarehe ya ndege tu, bila neno jingine lolote, na mimi nitakuja uwanjani.

Nisalimie baba wa huko, Ba Ramadhan, na wanao wote na wajukuu, hasa huyo mdogo anayepokea simu na kuikata. Mama yangu Kuruthumu anakusalimu tena, na safari hii ameniambia nikuamkie kwa niaba yake, ingawa ninyi ni mawifi. Mzee Ignasi hakutuma salamu. Alinyanyua mkono tu pale barazani, wa kushoto, nilipomwambia nitakuandikia.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akulinde njiani, na akulipe kwa yale anayoyajua Yeye peke yake.

Ni mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye kuliko nilivyojua,

Nasreen Khalfani Abdulatif